Hitler hakuletwa na mfumuko wa bei: kuusoma mdororo wa 1929–1939 kutoka Nairobi

Bei ya unga au petroli ikipanda hapa Nairobi, hakosi mtu wa kuandika mtandaoni kwamba hivi ndivyo Hitler alivyoingia madarakani. Picha huwa ileile: Wajerumani wanasukuma noti kwa mkokoteni kwenda kununua mkate. Picha ni ya kweli, ila mwaka umekosewa. Noti za mkokoteni ni za 1923. Hitler aliapishwa kuwa chansela, yaani mkuu wa serikali, tarehe 30 Januari 1933, na kwa miaka mitatu kabla ya hapo bei Ujerumani zilikuwa zinashuka. Pesa haikuwa nyingi kupita kiasi, ilikuwa adimu.

Kosa hilo linageuza muongo mzima kichwa chini miguu juu, ndiyo maana nalishikilia. Ukiamini kwamba tatizo lilikuwa pesa nyingi, utaona dawa ni kukaza mkanda. Serikali ya Ujerumani iliamini hivyo hivyo, ikakaza, na matokeo yake yanajulikana.

Tuanze na tarakimu. Novemba 1923 dola moja ilifikia marki trilioni 4.2. Ikaletwa sarafu mpya, Rentenmark, ikakata sifuri kumi na mbili, na tatizo likaisha ndani ya miezi michache. Katika uchaguzi wa Mei 1928, miaka mitano baadaye, chama cha Nazi kilipata asilimia 2.6 ya kura na viti 12. Wananchi walikuwa wamekipuuza. Kisha mdororo ukafika: Septemba 1930 asilimia 18.3 na viti 107. Julai 1932 asilimia 37.3 na viti 230. Februari 1932 wasio na kazi walioandikishwa walikuwa milioni 6.1. Kura zake zilipanda kadiri kazi zilivyopotea.

Sasa, kwa nini bei zikishuka ni balaa? Mnunuzi wa Gikomba atauliza, kwani bei kushuka kuna ubaya gani? Ubaya uko kwenye deni. Bei hushuka, deni halishuki.

Chukua mlowezi wa Trans Nzoia aliyekopa pauni 1,000 kwa riba ya asilimia 8. Riba peke yake ni pauni 80 kwa mwaka, yaani shilingi 1,600. Gunia la mahindi likiuzwa shilingi 10 (bei hizi nimezichagua ili hesabu iwe nyepesi), anahitaji magunia 160 kulipa riba tu. Likishuka hadi shilingi 4, anahitaji magunia 400 kwa deni lilelile. Atafanya nini? Atalima zaidi na kuuza zaidi. Jirani yake naye vivyo hivyo, na mkulima wa Argentina vivyo hivyo, na soko likijaa bei inashuka tena. Kila mmoja anafanya jambo la busara kwa upande wake, na wote kwa pamoja wanazama. Anayeshindwa ananyang'anywa shamba na benki, benki inaliuza kwa bei ya kutupa, thamani ya mashamba yote yanayozunguka inashuka, na benki ya pili inagundua kwamba dhamana zake hazitoshi.

New York hali ilikuwa hiyo, ila kwa hisa. Watu wengi walinunua kwa kutanguliza sehemu tu ya bei, wengine asilimia 10 tu, na kukopa iliyobaki kwa dalali. Hisa ya dola 100 ina dola 10 zako na 90 za mkopo. Ikishuka hadi 90, zako zimekwisha, na dalali anakupigia simu uongeze pesa, la sivyo anauza siku hiyohiyo. Ndiyo sababu anguko la Oktoba 1929 lilikwenda kwa kasi: hisa nyingi zilikuwa zinauzwa kwa lazima. Kipimo cha bei za hisa cha Dow Jones kilikuwa 381 mwanzoni mwa Septemba 1929. Julai 1932 kilikuwa 41. Lakini soko la hisa lisikuteke akili. Kilichoua uchumi wa Marekani ni benki, takriban 9,000, zilizofungwa kati ya 1930 na 1933. Hakukuwa na bima ya amana. Uvumi mmoja tu ulitosha kupanga foleni mlangoni, na benki hata ikiwa nzima haiwezi kulipa kila mtu siku moja kwa sababu pesa imekopeshwa. Bima ilianza Januari 1934, ikikinga hadi dola 2,500 kwa kila mwenye akaunti, na foleni hizo zikakoma karibu mara moja.

Kifungo kilichozuia serikali zisiokoe benki zao kilikuwa mfumo wa dhahabu. Sarafu iliahidiwa kubadilishwa kwa uzito maalumu wa dhahabu, kwa hiyo dhahabu ikianza kutoka nje, benki kuu ilipaswa kupandisha riba ili kuirudisha. Yaani katikati ya moto, sheria inakwambia ufunge bomba la maji. Mei 1931 benki ya Creditanstalt ya Vienna, kubwa kuliko zote Austria, ilitangaza hasara. Wenye pesa wakakimbia Austria, kisha Ujerumani, na Julai benki ya Danat ya Ujerumani ikafunga milango. Kutoka hapo wakaikimbia na London.

Uingereza ikakata kamba, ikatoka kwenye dhahabu, tarehe 21 Septemba 1931. Pauni, iliyokuwa dola 4.86, ikashuka hadi karibu dola 3.40 katika miezi michache. Waliotabiri kiyama walikosea: riba ilishushwa, nyumba zikaanza kujengwa, na kufikia 1933 hali ilikuwa inapanda.

Ujerumani haikukata. Chansela Heinrich Brüning, aliyeingia Machi 1930 baada ya serikali ya muungano kuvunjika kwa ubishi wa kama michango ya bima ya wasio na kazi ipande kutoka asilimia 3.5 hadi 4 (ndiyo, nusu asilimia iliangusha serikali), alitawala kwa amri za rais. Akapunguza mishahara ya watumishi wa umma, akapandisha kodi, akapunguza posho. Amri ya Desemba 1931 ilirudisha mishahara yote ya mikataba ya vyama vya wafanyakazi hadi kiwango cha Januari 1927. Mantiki yake ilikuwa kwamba bidhaa za Ujerumani zikiwa rahisi zitauzika nje, na wadai wa fidia za Vita vya Kwanza vya Dunia wataona kweli Ujerumani haina kitu. Kwa fidia alikuwa sahihi kidogo: zilifutwa kivitendo huko Lausanne mwaka 1932, wakati yeye ameshaondoka. Kwa bei alikosea kabisa, kwani deni la kila kampuni lilizidi kuwa zito kila mshahara ulipokatwa. Hapa ndipo 1923 inapoingia kwa haki yake. Ilikuwa hofu. Hakuna mwanasiasa aliyethubutu kuonekana anaachilia marki, na madeni mengi ya nje yalikuwa kwa dola na pauni, kwa hiyo kushusha marki kungeyafanya yawe mazito zaidi. Hofu ilikuwa na msingi, ila iliwafunga mikono kwa ugonjwa ulio kinyume.

Kanuni ya kukumbuka, na haina utata mwingi: aliyetoka mapema kwenye dhahabu ndiye aliyepona mapema. Uingereza Septemba 1931, Japani Desemba 1931, Marekani 1933, ikapandisha bei ya dhahabu kutoka dola 20.67 hadi 35 kwa aunsi Januari 1934. Ufaransa iling'ang'ania hadi Septemba 1936, na wakati wengine wanapanda, yenyewe ilikuwa bado inakata bajeti huku Ujerumani ikijenga ndege. Ukitaka kujua kwa nini Paris ilikuwa dhaifu wakati majeshi ya Hitler yalipoingia Rhineland, eneo la Ujerumani mpakani na Ufaransa lililokatazwa majeshi, tarehe 7 Machi 1936, anza na sarafu yake kabla ya kufika kwa majenerali.

Kisa cha Japani kinastahili kujulikana zaidi huku kwetu. Waziri wa fedha Takahashi Korekiyo aliitoa yen kwenye dhahabu, akaiacha ishuke kutoka karibu senti 49 za dola hadi karibu 20 ndani ya mwaka mmoja, na akaiambia benki kuu inunue hati za serikali moja kwa moja. Viwanda vya nguo vya Osaka vikafufuka. Uchumi uliposimama, akataka kupunguza matumizi ya jeshi ili pesa isizidi. Tarehe 26 Februari 1936 maofisa vijana wa jeshi walimuua nyumbani kwake, akiwa na umri wa miaka 81. Mrithi wake hakujaribu tena kukata bajeti ya jeshi. Mtu akikuuliza tofauti kati ya uponaji unaoweza kusimamishwa na usioweza, mpe kisa hicho.

Shuka za Osaka zilifika hadi River Road. Uingereza ilipoweka kikomo cha nguo za Kijapani zinazoingia makoloni yake mwaka 1934, Kenya, Uganda na Tanganyika hazikuguswa, kwa sababu mikataba ya Bonde la Kongo, iliyoanzia Berlin 1885, ilikataza kubagua bidhaa za nchi moja dhidi ya nyingine katika eneo hili. Manchester, mji wa viwanda vya nguo wa Uingereza, ikalalamika weee, lakini mnunuzi wa hapa akapata nguo na viatu vya raba kwa bei aliyoweza, wakati hana karibu kitu kingine chochote alichoweza.

Na hapa kwetu sasa. Shilingi ya Afrika Mashariki ilikuwa 20 kwa pauni, ikitolewa na Bodi ya Sarafu iliyokaa London. Utaratibu wake: benki inaweka pauni London, Bodi inatoa shilingi Mombasa au Nairobi. Hakuna pauni, hakuna shilingi mpya. Kahawa, mkonge na mahindi vilipoporomoka bei, pauni zilizoingia zilipungua, na shilingi mikononi mwa watu zikapungua moja kwa moja bila mtu yeyote Nairobi kuamua. Gavana hakuwa na benki kuu ya kumpigia simu. Pauni ilipotoka kwenye dhahabu shilingi ilishuka pamoja nayo, na hilo lilisaidia kidogo, lakini madeni ya koloni yalikuwa ya pauni, kwa mfano mkopo wa 1921 wa pauni milioni 5 kwa riba ya asilimia 6, uliokwenda zaidi kwenye reli. Hayo hayakupungua hata senti.

Nani alilipia? Kodi ya nyumba na ya kichwa kwa Mwafrika ilikuwa shilingi 12 kwa wengi, kiwango kilichobaki baada ya kupunguzwa kutoka 16 mwanzoni mwa miaka ya 1920, wakati wa vuguvugu la Harry Thuku. Ilihesabiwa kwa nyumba: mwenye wake wawili katika nyumba mbili alidaiwa 24. Rudi kwenye bei zetu za mfano: gunia la shilingi 10, anauza mawili na nusu hivi. La shilingi 4, anauza sita. Ongeza nzige waliovamia kuanzia 1928 na ukame, utaona kwa nini vijana walienda kutafuta vibarua hata mishahara ilipokatwa. Utaona pia kwa nini wakulima wa Nyanza walipanua mashamba ya mahindi katika miaka ileile bei ilipokuwa mbaya kabisa. Ofisa wa wilaya akiandika kwamba wananchi wamekuwa na bidii, elewa walikuwa wanakimbizana na shilingi 12.

Mlowezi alikuwa na milango mingine. Sheria ya 1930 ya mikopo ya dharura ya kilimo, Land Bank (benki ya mikopo ya mashamba) iliyoanza 1931, na nauli nafuu ya reli kwa mahindi ya kusafirishwa nje huku bidhaa zinazoingia zikitozwa juu. Kodi ya mapato waliipiga vita ikakwama, hadi ikapita mwaka 1937 baada ya uchunguzi wa Sir Alan Pim. Lord Moyne alikuja 1932 kukagua hesabu za koloni na akakuta jambo ambalo kila mtu wa Pumwani angeweza kumwambia bure: Waafrika walikuwa wanatoa kodi kubwa kuliko huduma walizopata.

Halafu kuna dhahabu ya Kakamega, ambayo husimuliwa kama bahati tu. Ilikuwa bahati nusu. Mwaka 1931 Mmarekani aliyeitwa L. A. Johnson, mlowezi wa Turbo, aliipata huko. Lakini tazama bei. Wakati pauni iko kwenye dhahabu, aunsi ilikuwa takriban shilingi 85. Pauni ilipoachiliwa, dhahabu ileile ikapanda bei kwa shilingi, ikafika karibu 140 kufikia 1935. Mchanga ambao ungekuwa hasara kuuosha mwaka 1930 ulikuwa na faida miaka miwili baadaye, na walowezi waliofilisika kwa mahindi walikwenda na karai na sururu. Desemba 1932 serikali ikarekebisha Sheria ya Amana ya Ardhi ya Wenyeji, ya kulinda ardhi za Waafrika, iliyokuwa na miaka miwili tu, ili ardhi ichukuliwe kwa uchimbaji bila kufidiwa kwa ardhi nyingine. Sheria iliyoahidiwa kuwa ya milele.

Turudi Berlin, kwenye uponaji uliokuja na tarehe ya kuisha muda. Watu husema Hitler alimaliza ukosefu wa kazi kwa barabara kuu. Hata mwaka 1936, zilipofikia kilele, barabara hizo hazikuwa na zaidi ya watu 130,000 hivi kazini, kati ya mamilioni. Baadhi ya miradi ya kazi ilikuwa imeanzishwa na waliomtangulia, mwaka 1932. Machi 1935 jeshi la lazima likatangazwa, na vijana walioingizwa humo wakatoka kwenye orodha ya wasio na kazi. Kazi kubwa ilikuwa silaha, na silaha zililipwa kwa hati za Mefo.

Jinsi zilivyofanya kazi: Krupp, kampuni ya silaha, inatoa mizinga. Badala ya kulipwa na hazina, inaandika hati ya deni kwa kampuni iitwayo Metallurgische Forschungsgesellschaft, Mefo kwa kifupi. Mefo ina mtaji wa marki milioni 1, haina kiwanda, na kazi yake ni kutia sahihi kwamba imekubali deni. Krupp inaipeleka hati benki na kupata pesa taslimu. Benki inaweza kukaa nayo ikipata asilimia 4, au kuipeleka Reichsbank, benki kuu ya Ujerumani, ambayo imeahidi kuipokea. Hati ni ya miezi mitatu lakini inaweza kusogezwa hadi miaka mitano. Kwa nini mzunguko wote huo? Sheria iliibana Reichsbank isiikopeshe serikali moja kwa moja, lakini iliiruhusu kununua hati za biashara zenye sahihi za pande zaidi ya moja. Pia hesabu hiyo haikuonekana kwenye bajeti, na mkataba wa Versailles, uliomaliza Vita vya Kwanza vya Dunia, ulikuwa umekataza silaha zenyewe. Mfanyabiashara yeyote wa Nairobi anaijua hali hii: ni cheki ya tarehe ya mbele, ila mwandikaji ni dola nzima, na jina lililo kwenye cheki ni la mtu mwingine.

Kufikia masika ya 1938 hati zilikuwa marki bilioni 12, na za kwanza zilikaribia mwisho wa miaka yao mitano. Hjalmar Schacht, mkuu wa Reichsbank aliyezibuni, alitaka zilipwe na silaha zipunguzwe, kwa sababu kila mtu sasa ana kazi na pesa mpya itapandisha bei tu. Kikwazo kikubwa zaidi kilikuwa nje: unaweza kuchapisha marki, huwezi kuchapisha chuma cha Sweden, mpira au mafuta. Tangu Septemba 1934 kila kitu kilichoagizwa kilihitaji kibali, na biashara na nchi za Balkani ikawa ya kubadilishana bidhaa kwa bidhaa. Mwaka 1936 mafuta ya kupikia na nyama vilikuwa vigumu kupatikana, na jibu la Hitler katika waraka wake wa Agosti ule lilikuwa kwamba jeshi na uchumi viwe tayari kwa vita ndani ya miaka minne. Göring, waziri wake, akakabidhiwa mpango huo wa miaka minne. Machi 1938 Ujerumani ikaimeza Austria, na dhahabu ya benki kuu yake ikahamishiwa Berlin. Machi 1939 ikafuata Prague, na hata dhahabu ya Wacheki iliyohifadhiwa London ikahamishwa kwa jina la Reichsbank kupitia benki ya kimataifa ya Basel. Schacht na wenzake walimwandikia Hitler onyo tarehe 7 Januari 1939, na siku kumi na tatu baadaye akafutwa.

Sisemi vita vilianzishwa na hati za benki. Itikadi ilikuwepo tangu mwanzo, na Italia iliivamia Ethiopia Oktoba 1935 bila Mefo yoyote, huku vikwazo vya Umoja wa Mataifa wa wakati ule vikiacha mafuta nje ya orodha. Ninachosema ni kwamba kufikia 1938 kupunguza mwendo kungekuwa na gharama ya mara moja: bei, foleni, na hati za kulipa. Kuendelea gharama yake ilikuwa mbele, na ingelipwa na majirani.

Vita vilipoanza Septemba 1939, Mombasa ilikuwa ndiyo kwanza imetoka kwenye mgomo mkubwa wa Julai na Agosti, wa wafanyakazi waliodai mishahara na pesa za nyumba. Walowezi nao walipata walichokuwa wakikililia tangu 1930: soko na mapato ya uhakika. Japani ilipoteka Ufilipino na visiwa vya Waholanzi mwaka 1942, nyuzi za huko zilikatika na mkonge wa Afrika Mashariki ukatafutwa kwa hamu. Pareto ya Kenya, maua ya kutengeneza dawa ya wadudu, ilikuwa tayari imeipiku ya Japani. Mwaka huohuo sheria ya kuongeza mazao iliwahakikishia wakulima wa Kizungu kiwango cha chini cha mapato kwa kila ekari, huku Mwafrika akilipwa bei ya chini zaidi kwa gunia lilelile la mahindi. Mahindi yakapungua sokoni, na 1943 serikali ikaunda tume ya kuchunguza uhaba wa chakula.